Naandika kila kitu darasani lakini testi nafeli: jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi

Swali hili limetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, stashahada ya uuguzi na ukunga, anayesoma hapa Dar es Salaam na kuishi Mbagala. Nimelifupisha kidogo.

"Shikamoo mwalimu. Darasani naandika kila anachosema mwalimu mpaka mkono unauma. Nina kaunta buku tatu zimejaa na muhula haujaisha. Nikifika nyumbani nazisoma mara mbili, mara tatu, napaka mistari kwa kalamu za rangi. Lakini testi ya kwanza ya ukunga nimepata 41, na juzi wodini sista aliniuliza swali dogo tu nikanyamaza kama mtu ambaye hajawahi kukaa darasani. Wenzangu wengine hawaandiki kabisa, wanapiga picha slaidi kwa simu. Mmoja ana laptopu, anaandika haraka kuliko wote. Je, nihangaike ninunue laptopu? Notsi hizi nizianze upya? Au kichwa changu ndicho kizito?"

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokuumiza. Kichwa chako hakina shida. Mtu anayekaa saa mbili akiandika bila kuacha neno ana bidii, na bidii hiyo tutaitumia. Shida ni jinsi ulivyogawa kazi: mkono umeupa kunakili, na kichwa hukukipa kazi yoyote.

Fanya hesabu. Mwalimu anayeongea kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono wa mtu mzima anayeandika kwa kasi na bado hati ikasomeka, hufikisha maneno 20 hadi 30. Kwa hiyo unapojaribu kuandika kila kitu, muda wote uko nyuma. Unaandika alichosema sekunde ishirini zilizopita huku sikio linahangaika kushika anachosema sasa. Neno linaingia sikioni, linatokea kwenye kalamu, na njiani halikusimama popote. Nimeshawahi kuwaomba wanafunzi wafunike madaftari dakika moja baada ya kipindi, nikawauliza, "Haya, leo tumejifunza nini?" Waliojaza kurasa sita ndio walikuwa wa kwanza kuinamisha vichwa.

Nayajua haya kwa sababu nami nilipita hukohuko. Nilipokuwa mwanafunzi notsi zangu ziliazimwa na darasa zima. Hati nzuri, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, michoro kwa penseli. Siku moja niko wodi ya wazazi, mama aliyejifungua alfajiri akaniambia, "Sista, nasikia baridi, naomba maji, masikio yanavuma." Nikampima presha, 110 kwa 70. Nikatulia. Nikaenda kumtafutia shuka zito na kikombe cha maji. Mkunga mzoefu akapita, akamgusa mama mkono, akashika mapigo yake, uso ukabadilika. Mapigo yalikuwa 128. Akafunua kanga, damu imeloa mpaka kwenye godoro. Yule mama aliokolewa, namshukuru Mungu na yule mkunga. Jioni nilifungua daftari langu, na pale, kwa hati yangu mwenyewe na mstari mwekundu chini yake, palikuwa pameandikwa kwamba mapigo hupanda kabla presha haijashuka. Daftari lilikuwa linajua. Mimi nilikuwa sijui.

Toka siku hiyo notsi nzuri kwangu ni zile zinazokuwezesha kusimama mbele ya mgonjwa daftari likiwa limebaki hosteli. Yote nitakayokuambia hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Darasani, andika kidogo. Najua inatisha, hasa ukiona wenzako wameinama wanaandika. Sikiliza mpaka wazo liishe, jiulize amesema nini, ndipo uandike kwa maneno yako. Tafsiri ya neno iliyoko kwenye slaidi au kitabuni iache, utaikuta hukohuko. Kamata yale ambayo hayako kitabuni au yamefichika huko: mwalimu anapoeleza sababu, anapotoa mfano wa mgonjwa aliyemhudumia, anapotaja namba pamoja na hatua ya kuchukua, anaporudia jambo mara ya pili. Ukipotea usimkimbize. Acha nafasi, weka alama ya kuuliza, endelea naye alipo. Ile nafasi tupu itakuonyesha mahali hasa ulipoachwa, na kesho utamfuata mwalimu ukiwa na swali moja linaloshikika, badala ya kumwambia mada yote haikueleweka.

Ukurasa wenyewe uchore hivi. Piga mstari wa wima, kushoto pabaki kama theluthi ya ukurasa. Chini acha mistari mitano au sita. Mtindo huu aliueneza Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kuanzia miaka ya 1950, na bado unafundishwa sehemu nyingi. Lakini wengi ninaowaona wakiuchora wanajaza upande wa kushoto vichwa vya habari. Hapo pana kazi nyingine. Upande wa kushoto ni wa maswali, na maswali hayo unayaandika usiku uleule, mwalimu akiwa ameshaondoka na wewe umeshatulia.

Tuchukue kipindi hichohicho cha damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua. Upande wa kulia ingetosha kuwa na haya: damu ml 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Sababu nne: mji wa mimba umelegea (hii ndiyo inayoongoza), michaniko, kondo au mabaki yake hayajatoka, damu haigandi. Mwili unajitetea, mishipa inabana, moyo unaongeza mwendo, kwa hiyo mapigo hupanda kwanza na presha hushuka baadaye. Kuzuia: oksitosini yuniti 10 kwenye msuli mara mtoto anapozaliwa. Oksitosini hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Basi. Mistari kama kumi kwa somo la saa nzima.

Usiku, kwa dakika ishirini, kushoto unaandika: "Presha 110/70, mapigo 128. Niwe na wasiwasi au nisiwe nao? Kwa nini?" Chini yake: "Naweka mkono tumboni, mji wa mimba ni laini, hauna umbo. Nafanya nini kwanza?" Chini yake tena: "Mji wa mimba umekaza vizuri kabisa, lakini damu bado inatoka. Inatoka wapi?" Hilo la tatu likikukwama, rudi kwenye sababu nne, ondoa ya kwanza, uone ni ipi inayokujia mbele. Sasa linganisha maswali hayo na lile ambalo karibu kila mwanafunzi huandika: "Taja sababu nne za kutokwa na damu." Hilo litakupa alama kwenye testi na usiliache. Lakini mgonjwa haji wodini na orodha ya sababu. Anakuja na baridi, kiu na masikio yanayovuma, na kutoka hapo ni wewe wa kurudi nyuma mpaka kwenye sababu. Swali la kushoto linakuzoesha kurudi nyuma kwa njia hiyo.

Ile mistari ya chini unaijaza mwisho kwa Kiswahili, sentensi mbili au tatu, kama vile unamweleza mama mkwe wa mgonjwa aliyesimama mlangoni na kikapu cha uji anataka kujua mkwewe ana nini. Ukishindwa kumweleza yeye, jua hujaelewa, hata kama ukurasa umejaa maneno makubwa.

Hapo nimegusa jambo ambalo walimu wetu wengi hawalisemi, nami nalionea uchungu. Wewe unafundishwa kwa Kiingereza, unafanya mtihani kwa Kiingereza, kisha unaingia hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala na kukuta watu wote wanaumwa kwa Kiswahili. Mwalimu amekufundisha disnia. Hakuna mgonjwa wa Tandika atakayekwambia ana disnia. Atasema "nabanwa", au "pumzi inakata nikipanda ngazi", au "nalala nimekaa". Hilo la mwisho ni zito kuliko yote, maana mtu anayelala amekaa kwa sababu akilala chali anakosa hewa huenda moyo wake unashindwa kazi. Mwanafunzi ambaye daftari lake lina neno la Kiingereza tu atalisikia na kudhani mzee anajieleza habari za usingizi.

Kwa hiyo kila dalili unayofundishwa, mbele yake andika wagonjwa wanavyoisema. Edema: "miguu imejaa", "viatu vimenibana". Disuria: "mkojo unachoma", na akina mama wengi hawatautaja mkojo kwanza, watasema "tumbo la chini linauma" huku wanaangalia pembeni. Jondisi: "macho yamekuwa ya njano." Palpitesheni: "moyo unaenda mbio", "roho inadunda." Konvalsheni: "degedege", na hapa uwe na masikio zaidi, kwa sababu kwa familia nyingi degedege lina maelezo yake yasiyo ya hospitali, na mama anaweza kukuficha alikopitia kwanza kabla ya kuja kwako. Ukimpokea kwa kumdharau hutapata historia ya kweli, na mtoto ndiye atakayeumia. Maneno haya hayapo kwenye slaidi. Utayapata kwenye benchi la wagonjwa wa nje, na kwa wauguzi wakongwe wanaoweza kukutajia namna kumi ambazo mtu wa Dar husema "nina homa."

Na uandike kwa lugha gani basi? Zichanganye bila aibu. Neno la kitaalamu liache kwa Kiingereza na tahajia yake sahihi, kwa sababu ndilo litakaloulizwa na ndilo litakaloandikwa kwenye faili la mgonjwa. Maelezo ya sababu yaandike kwa lugha unayofikiria nayo. Wapo walimu watakaokwambia kufanya hivyo kutakudumaza Kiingereza chako. Mimi nimesahihisha karatasi nyingi sana, na mwanafunzi anayenipa sentensi ya Kiingereza iliyokaririwa neno kwa neno ambayo hajui maana yake namtambua kwenye mstari wa pili. Ukielewa kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza cha kujibia kitapatikana.

Sasa tuje kwenye kusoma mara mbili, mara tatu na kalamu za rangi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja liliirudia kuisoma, jingine likaambiwa liandike linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, walikumbuka asilimia 81 na wale wengine 75. Wakawaita tena baada ya wiki. Waliorudia kusoma wakabaki na asilimia 42, waliojipima wakawa na 56. Ukisoma na kurudia kusoma usiku wa kuamkia testi unajisikia umejaa, na ile hisia si uongo, ila ina umri mfupi. Uuguzi haukungoji kesho asubuhi tu, unakungoja mwaka wa tatu wodini. Kuhusu rangi, mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujisomea, na kupaka rangi pamoja na kurudia kusoma wakaziweka kundi la chini, huku kujipima na kugawanya masomo kwenye siku mbalimbali vikiwekwa juu. Kalamu zako usizitupe. Tumia moja tu, kwa jambo moja: swali la kushoto ulilokosa. Ukifungua ukurasa baada ya siku tatu, rangi ikuonyeshe ulipoanguka.

Kujipima kwenyewe hakuna gharama. Funika upande wa kulia kwa karatasi, soma swali la kushoto, jibu kwa sauti, kisha funua. Fanya hivyo usiku huohuo, halafu baada ya siku mbili tatu, halafu wiki, halafu kabla ya testi. Unakaa Mbagala, kwa hiyo foleni unaijua kuliko mimi. Huwezi kufungua daftari umesimama kwenye daladala umeshika bomba, lakini maswali matatu unaweza kubeba kichwani kutoka Rangi Tatu, ukajijibu njiani, na ukishuka ukafungua ukurasa uone uliacha nini. Nina mwanafunzi aliyekuwa akiandika maswali yake matatu kwenye kipande cha karatasi na kukiweka pamoja na nauli. Kila alipotoa nauli, alikutana na swali. Na kwenye diskasheni msisomeane notsi kwa sauti kama risala. Badilishaneni madaftari, kila mmoja aulizwe maswali ya kushoto ya mwenzake. Utashangaa mwenzio aliona nini kwenye kipindi kilekile ambacho wewe hukukiona.

Laptopu. Hela hiyo kama ni ya kukopa, iache. Mwaka 2014 watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walionyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa laptopu waliandika maneno mengi zaidi, mengi yakiwa ni ya mwalimu neno kwa neno, na kwenye maswali ya kuelewa wakafanya vibaya kuliko walioandika kwa mkono. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakupata tofauti kubwa namna hiyo, kwa hiyo sitakwambia kalamu ina miujiza. Ninachokwambia ni kwamba kasi haitakusaidia, kwa sababu ugonjwa wako ni kunakili na laptopu itakufanya unakili vizuri zaidi. Ukija kuipata kwa ajili ya ripoti na tafiti za mwaka wa tatu, sawa.

Picha za slaidi sizikatazi. Mchoro wa mzunguko wa damu wa kichanga aliye tumboni huwezi kuuchora kwa dakika mbili, upige picha. Ila picha ambayo haijaguswa mpaka siku ya pili ihesabu imepotea. Itakaa kwenye simu kati ya picha za harusi na video za kundi la WhatsApp, na moyoni utajidanganya kwamba "ninayo". Usiku huohuo ichore upya kwa mkono bila kuiangalia, kisha linganisha. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha kwa hilo.

Nisiache madesa, maana najua yako stesheneri zote za karibu na vyuo, yametolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia. Notsi za mtu mwingine zina kasoro mbili. Ya kwanza, kazi ya kufikiri aliifanya yeye, wewe umenunua karatasi. Ya pili ni ya hatari: tiba inabadilika na desa halibadiliki. Hapa kwetu malaria ilitibiwa kwa klorokwini mpaka 2001, ikaja SP (salfadoksini na pirimethamini), na tangu 2006 ni dawa mseto. Miongozo ya kimataifa ya kumfufua mtu mzima aliyesimama moyo ilibadilishwa mwaka 2010, ikaanza na kukandamiza kifua kabla ya kufungua njia ya hewa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka mwanzo wa uchungu wenyewe pale mlango wa uzazi unapofunguka sentimita 5, wakati patografu (chati ya kufuatilia uchungu) ambayo wengi wetu tulifundishwa ilianzia sentimita 4. Ukikuta desa linasema 4 na mwalimu anasema 5, hakuna aliyekosea hesabu, ni miaka imepita katikati. Kwa sababu hiyo kila ukurasa wako uwe na tarehe juu, na chanzo: mwalimu, kitabu na toleo lake, au mwongozo wa wizara. Na ukifika wodini uliza mwongozo unaotumika pale, uandike pembeni.

Kuna mahali ambapo kuandika kidogo hakuruhusiwi, nako ni kwenye namba na dawa. Hapo andika kamili, andika polepole, muulize mwalimu arudie. Na mkono wako uuzoeshe sasa, kwa sababu mkono unaoandika daftari ndio utakaoandika chati ya dawa. Usifupishe "yuniti" kwa herufi U, maana U iliyoandikwa haraka husomeka sifuri, na yuniti 4 za insulini zikawa 40. Usiandike 1.0 mg, nukta ikififia ni 10. Andika 1 mg. Lakini nusu iandike 0.5, usianze na nukta tupu. Mikrogramu iandike neno zima. Fomula nayo usiiandike peke yake. Iwe na mfano wako uliokokotoa: ml 1000 ziingie kwa saa 8, seti ya dripu inatoa matone 20 kwa ml 1. Matone yote ni 20,000, dakika ni 480, kwa hiyo kama 42 kwa dakika. Pembeni andika sababu kwa maneno, "matone yote gawanya kwa dakika zote". Ukisahau fomula siku ya mtihani, hiyo sentensi itakurudisha.

Saa zetu nazo zimeshaleta matatizo. Sisi tunaposema saa 8 mchana, chati inasema 14:00. Dawa ya kila baada ya saa 8 hupangwa 06:00, 14:00 na 22:00, yaani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Sasa mwanafunzi ameandika kwenye daftari "dawa saa 8". Ni 08:00 au 14:00? Na zile "saa 8" za kupita katikati ya dozi nazo ziko wapi? Chagua leo: ndani ya daftari la uuguzi, muda wa tukio uandikwe kwa tarakimu nne siku zote, na "saa" ibaki kwa kuhesabu muda uliopita. Lakini unapomweleza mgonjwa anayekwenda nyumbani na bahasha iliyoandikwa 1×3, rudi kwenye saa zake. Mwambie saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, kisha mwombe akurudishie ulichomwambia.

Ukienda mafunzo kwa vitendo, kaunta buku iache. Beba kijidaftari cha mfukoni. Usiandike ukiwa umesimama mbele ya mgonjwa anayeongea, mtazame. Toka pembeni, andika mambo matatu: nilichoona, nilichoshindwa kuelewa, nani nitamuuliza. Jina la mgonjwa lisiingie humo kamwe, wala namba ya faili, wala mtaa anakokaa, wala picha ya jeraha lake kwenye simu yako. "Mama wa uzazi wa tatu, mapigo 128" inakutosha kujifunza. Mbali na kiapo cha taaluma yetu, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee ndani yake. Kijidaftari hudondoka kwenye daladala. Fikiria aliyekiokota ni jirani wa yule mama.

Na presha uliyoipima usiiandike kwenye kiganja au kwenye glovu ukisema utaihamishia baadaye. Nimeona vipimo vya wagonjwa wanne vikikaa kwenye kiganja kimoja, mwenye kiganja akanawa mikono kama alivyofundishwa, na vyote vikaenda na maji. Vipimo vinaingia kwenye chati palepale kitandani, kabla hujasogea kwa mgonjwa wa pili.

Umebaki na lile la kaunta buku tatu. Usizianze upya, utamaliza mwezi na hutafika popote. Angalia ratiba ya testi ijayo, chukua mada zake tu. Kila ukurasa wa zamani ulionakili, usome mara moja, ufunge, na kwenye karatasi mpya andika maswali matano ambayo ukurasa huo unaweza kuyajibu, angalau mawili yakianza na mgonjwa anayekwambia kitu kwa Kiswahili. Mahali utakaposhindwa kutunga swali, ndipo ulipokuwa ukiandika bila kusikia; hapo weka alama na umfuate mwalimu wako. Zile zinazobaki ziache kabatini. Anza na ule ukurasa wa kutokwa na damu, maana naamini swali la sista lilitoka humo, na ukirudi zamu wiki ijayo mfuate mwenyewe umwambie, "Sista, lile swali la juzi, naomba nilijibu."